Rula, utepe na swali la upole: kumtambua mtoto aliyeathiriwa na pombe tumboni

Ukifanya kazi kwenye kituo cha afya cha mtaa wa Katuba, Ruashi au Kenya, au ukifundisha darasa la watoto wadogo popote Lubumbashi, huenda umekwisha kumwona mtoto huyu. Ana miaka minne, lakini mwili wake ni wa mtoto wa miaka miwili na nusu. Anakula bukari kama ndugu zake na hanenepi. Hatulii. Wimbo aliojifunza Jumatatu, Jumatano umekwisha kumtoka. Nyumbani wanamwita mkaidi, na pengine jirani ameanza kunong'ona neno zito zaidi: mulozi, yaani mchawi.

Inawezekana chanzo ni pombe iliyomfikia akiwa bado tumboni. Ugonjwa huo madaktari wetu huuita SAF, kwa kifupisho cha Kifaransa (syndrome d'alcoolisation fœtale). Inawezekana pia chanzo ni kingine kabisa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kutenganisha mambo hayo, hatua kwa hatua, kwa vifaa ambavyo kituo kidogo kinaweza kuwa navyo.

Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha SAF kwa mtoto, wala picha ya ubongo inayotosha peke yake. Ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa macho na vipimo vya mwili. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza watoto 127 wa wazazi walevi waliofanana sura na udogo wa mwili. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona sura hiyohiyo bila kujua kazi ya Lemoine, wakaupa ugonjwa jina. Hapa barani, watafiti walioingia shule za msingi za Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ambako zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, walianza na mizani, kipimo cha urefu na utepe wa kichwa. Mtoto aliyepungua ndiye aliyeitwa kuchunguzwa uso. Utaratibu wao unafaa hata kwetu.

Pombe inafanya nini

Pombe anayokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu ya mama. Ini la mtoto ni changa mno kuiondoa upesi. Uso hujengwa katika wiki za mwanzo, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya tisa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba. Ubongo hujengwa miezi yote. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na uso wa kawaida kabisa na ubongo ulioumia, kama pombe ilikuja baadaye. SAF kamili ni sehemu ndogo tu ya madhara ya pombe ya ujauzito.

Si kila mama anayekunywa huzaa mtoto mwenye SAF. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba katika kila wanawake 67 wanaokunywa wakiwa na mimba, mmoja huzaa mtoto mwenye SAF kamili. Ndiyo sababu utasikia, "Mimi nilikunywa bia ya Simba mimba zote na watoto wangu ni wazima." Anasema kweli, na maneno yake hayamlindi mwingine. Kiasi, wiki ya mimba, lishe ya mama na maumbile ya mtoto vyote vina sehemu yake. Kunywa kwingi kwa mara moja, hata ikiwa ni mwisho wa wiki tu, ndiko kunakoumiza zaidi. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama.

Vifaa

Andaa mizani, ubao wa kupima urefu, utepe usionyumbuka, rula ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga na yenye milimita, majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2006, na kadi ya CPS (kliniki ya watoto wadogo) ya mtoto. Tafuta pia picha za kulinganishia mdomo zilizotengenezwa na Chuo Kikuu cha Washington. Ziko aina mbili, na moja imetengenezwa kwa watu wenye asili ya Afrika ambao midomo yao ni minene kwa kawaida. Tumia hiyo. Ukitumia picha za Wazungu, mtoto wetu mwenye mdomo uliopunguka ataonekana mzima.

Hatua ya 1: Umri na ukuaji

Anza na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. "Ana kama miaka mitatu" haitoshi, kwa sababu miezi sita ya kukosea hubadilisha hukumu yote. Kisha tafuta uzito wa kuzaliwa. Mtoto mwenye SAF mara nyingi huzaliwa mdogo hata kama mimba ilitimiza miezi, na huendelea kuwa mdogo.

Kinachotafutwa ni urefu au uzito ulio kwenye asilimia 10 au chini yake. Maana yake, ukiwapanga watoto 100 wa umri na jinsia moja kuanzia mfupi kabisa, huyu ni mmoja wa kumi wa kwanza. Angalia vizuri hapa: chati nyingi za ukuaji huonyesha mstari wa −2, na mstari huo uko chini ya asilimia 10. Mtoto anaweza kuwa juu ya mstari wa −2 na bado akatimiza sharti hili. Usingoje aanguke chini yake.

Hata hivyo, ufupi peke yake haukuambii kitu katika nchi hii. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukimwita kila mfupi mgonjwa wa pombe, utakosea karibu kila siku.

Hatua ya 2: Kichwa

Kichwa ndicho dirisha la bei nafuu la kutazamia ubongo. Pitisha utepe juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Wasichana wengi huja wakiwa wamesukwa, na misuko huongeza sentimita za uongo. Pitisha utepe katikati ya misuko, au mwombe mama arudi siku ya kufumua.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, kipimo cha katikati ni sentimita 49.5 kwa mvulana na 48.5 kwa msichana. Upungufu wa kama sentimita mbili unatosha kukufanya ufungue jedwali kwa makini, kwa sababu hapo ndipo asilimia 10 ilipo. Kama kadi ina vipimo vya zamani, vipange vyote. Kichwa kilichokuwa kidogo tangu kuzaliwa hueleza habari tofauti na kichwa kilichoacha kukua baada ya homa kali ya ubongo.

Hatua ya 3: Uso

Alama zinazohesabiwa ni tatu tu.

Ya kwanza ni macho yenye uwazi mfupi. Mkalishe mtoto mbele yako, macho yake yalingane na yako. Mwambie atazame juu ili ayafungue vizuri. Shika rula chini ya jicho bila kugusa kope, upime kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje, kwa milimita. Pima macho yote mawili, kisha linganisha na jedwali la umri wake. Usikisie kwa kutazama: macho yaliyo mbali na pua, au kope zilizolegea, hudanganya.

Ya pili ni mfereji ulio kati ya pua na mdomo wa juu. Kwa kawaida huwa na kingo mbili zinazoonekana. Kwa SAF huwa umesawazika, ngozi ikawa laini na tambarare.

Ya tatu ni mdomo wa juu, ile sehemu nyekundu, kuwa mwembamba kuliko kawaida. Picha za Washington zina ngazi tano kwa mfereji na tano kwa mdomo. Ngazi ya 4 na ya 5 ndizo zinazohesabiwa.

Uso utazamwe ukiwa umetulia, midomo imefungwa polepole. Mtoto akicheka, mdomo hukonda na mfereji hupotea, nawe utaandika ugonjwa usiokuwapo. Ukimtazama kutoka juu, mdomo pia huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Mtazame pia mama na baba, kwa sababu mdomo mwembamba unaweza kuwa wa ukoo.

Wakati mzuri wa kusoma uso ni kati ya miaka miwili na kumi hivi. Kwa mtoto aliyezaliwa leo, uso umevimba na ni vigumu kuusoma. Kwa kijana aliyebalehe, alama hufifia.

Ukiona mambo mengine, yaandike, ila usiyafanye msingi wa uamuzi: mlio wa moyo usio wa kawaida, kidole kidogo kilichopinda, viungo visivyonyooka vizuri, macho yasiyoona sawasawa, masikio yenye umbo tofauti. Mlio wa moyo unahitaji daktari hata kama SAF haipo.

Hatua ya 4: Ubongo unavyofanya kazi

Muulize mama au mwalimu maswali ya maisha ya kila siku.

Alipokuwa mchanga, alinyonya kwa nguvu au alichoka haraka? Alilia na kutetemeka bila sababu? Alikaa mwenyewe na kutembea lini? Watoto wazima karibu wote hukaa bila kushikwa wakifika miezi tisa, na hutembea wakifika miezi 18.

Akiwa na miaka miwili, anaunganisha maneno mawili? Anamfuata mtu yeyote njiani bila woga? Kelele za soko au nguo ngumu humtia wazimu?

Akiwa shuleni, anaweza kufuata agizo lenye sehemu tatu: "Chukua daftari, weka mezani, njoo hapa"? Anaelewa namba? Akiadhibiwa kwa kosa, anarudia kosa lilelile saa ileile kana kwamba hakuna kilichotokea? Alama hii ya mwisho walimu huiona kuwa jeuri. Kwa mtoto huyu, kumbukumbu na uwezo wa kuunganisha tendo na matokeo yake ndivyo vilivyoumia.

Kabla ya kuandika "ubongo", pima masikio. Mtoto ambaye masikio hutoa usaha mara kwa mara huchelewa kusema na hafuati maagizo, na dawa yake ni nyingine. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, andika tu kwamba amechelewa katika ukuaji. Hukumu kamili juu ya ubongo hungojea umri ambao anaweza kupimwa na mtaalamu wa saikolojia.

Hatua ya 5: Kumuuliza mama

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiuliza, "Ulikunywa pombe na mimba?" utajibiwa hapana, na mlango umefungwa. Uliza faraghani, bila mume wala mama mkwe. Anza na mambo ya CPN (kliniki ya wajawazito), chakula, malaria na dawa, kisha ingiza vinywaji kama sehemu ya orodha.

Mfano: "Mama, mbele ya kujua uko na mimba, ulikuwa unakunywa nini? Maji, chai, munkoyo, bia?" Ukisikia bia: "Siku ya kunywa, chupa ngapi?" Kisha: "Pombe inakupanda kisha chupa ngapi?" Swali hili la mwisho lina thamani kubwa. Mwenye kuhitaji zaidi ya vinywaji viwili ili aisikie pombe amezoea kunywa, na hulijibu bila kuona kwamba anashitakiwa. Malizia na: "Na ulipojua uko na mimba, ulibadilisha nini?"

Taja vinywaji kwa majina, kwa sababu si kila mtu huviita pombe. Munkoyo wa siku ya kwanza ni chakula kwa watu wengi, na kilevi chake ni kidogo. Ukikaa siku kadhaa huzidi kuchacha. Lutuku hukolezwa kwa kuchemshwa, na hakuna anayejua nguvu ya kila mtungi. Bia watu huihesabu kwa chupa, lakini chupa ya sentilita 65 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 26 hivi za kilevi, karibu mara mbili na nusu ya kinywaji kimoja cha gramu 10 kinachotumiwa na madaktari. Chupa mbili kwenye harusi tayari ni kunywa kwingi kwa mara moja. Wapo pia wanaoamini bia nyeusi huongeza damu au maziwa, na mama alikunywa kwa nia njema. Andika hivyo alivyosema.

Mama akiwa amefariki au hayupo, muulize bibi au shangazi. Kukosa habari za pombe hakufungi uchunguzi: alama tatu za uso, upungufu wa ukuaji na kasoro ya ubongo zikikutana, daktari anaweza kutamka SAF bila ungamo la mtu yeyote. Alama zisipokamilika, habari ya kunywa ndiyo inayoamua.

Hatua ya 6: Vinavyofanana

Njaa. Mtoto mwenye utapiamlo hupungua uzito kwanza, na kichwa huwa cha mwisho kuathirika. Akipewa chakula cha matibabu, hupanda. Mwenye SAF alikuwa mdogo tangu kuzaliwa, na hata akilishwa vizuri hapandi sana. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, kwa hiyo mlishe kwanza, mpime tena baada ya miezi mitatu.

Maambukizi. Malaria ya ujauzito huzaa watoto wadogo. VVU na kaswende pia hudumaza. Vipimo vyake vipo, vifanye.

Dawa za kifafa. Muulize mama kama alitumia valproati au fenitoini. Dawa hizi zinaweza kuleta uso unaofanana sana na wa SAF.

Madini. Katika mji huu huwezi kuliruka swali hili. Utafiti uliofanyika Lubumbashi na kuchapishwa 2020 ulikuta watoto waliozaliwa na kasoro za mwili walikuwa zaidi watoto wa baba wanaofanya kazi za migodi. Kasoro hizo si SAF, lakini kama baba anachimba au kusafisha kobalti, au nyumba iko karibu na kiwanda, andika. Madini ya risasi pia huumiza akili na tabia za mtoto bila kugusa mdomo wala macho.

Magonjwa ya kurithi. Sura ya ajabu isiyolingana na zile alama tatu, au ndugu kadhaa wenye hali moja huku mama hanywi, ni kazi ya daktari wa vinasaba.

Hatua ya 7: Kuamua na kumtuma

Alama mbili au tatu za uso, pamoja na ukuaji au kichwa chini ya asilimia 10, pamoja na kuchelewa: mtume kwa daktari wa watoto, Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Mtume pia mtoto asiye na alama za uso, kama mama alikunywa sana na mtoto amechelewa. Kwenye barua weka vipimo vyote na tarehe zake, ngazi za mdomo na mfereji, na maneno ya mama. Usiandike "SAF". Andika "nashuku", maana jina la SAF likikaa kwenye kadi halifutiki, na litamfuata mama hadi kwa wakwe.

Baada ya jibu

SAF haiponi, lakini maisha ya mtoto hubadilika. Utafiti wa Ann Streissguth wa Chuo Kikuu cha Washington, 1996, ulionyesha kwamba waliotambuliwa kabla ya miaka sita na waliolelewa katika nyumba tulivu walipata matatizo machache zaidi ukubwani, ya shule na ya sheria.

Nyumbani na darasani, mpe agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, ukimtazama. Siku yake iwe na mpangilio uleule. Mkalishe mbele, mbali na dirisha. Rudia somo bila hasira, kwa sababu kusahau ni sehemu ya ugonjwa. Fimbo haimfundishi kitu ambacho ubongo wake haukishiki.

Waeleze jamaa wote, hasa wale wanaotaka kumpeleka kanisani kwa maombi ya kumfukuza pepo. Ibada haina ubaya. Kumfungisha mtoto njaa, kumpiga au kumwita mulozi ni jambo jingine: kifungu cha 160 cha sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 kinamtia jela mwaka mmoja hadi mitatu anayemshutumu mtoto uchawi. Jina la ugonjwa, likielezwa vizuri, linaweza kumzuia mtoto asiishie barabarani.

Mama naye ni mgonjwa wako. Mwambie wazi kwamba hakujua, na kwamba mimba ijayo inaweza kuwa salama. Akiwa amezoea kunywa kila siku, asiache ghafla peke yake, kwa sababu kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege. Mpeleke kwa daktari, au kwenye kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain. Mume apewe kazi yake: chupa zisiingie nyumbani miezi tisa.

Mwisho, yule mtoto ambaye umempima na hujapata jibu, asiondoke hivihivi. Mpe tarehe. Mpime tena baada ya miezi mitatu, kisha akifika miaka mitatu, kisha kabla ya kuanza darasa la kwanza, utumie rula ileile na jedwali lilelile. Vipimo vya siku tofauti vikipangwa pamoja ndivyo vitakavyomwonyesha daktari kile ambacho siku moja haikuweza.